Mstari Mweupe Kwenye Wembe

Nilikuacha, msomaji, nimesimama chumbani mwa marehemu baba mkwe. Mlango ulikuwa umerudishwa, vilio vilikuwa vinatoka sebuleni, na wembe wake wa kukunja ulikuwa umeshaingia ndani ya soksi yangu.

Aliyekosa sura hiyo asihangaike. Jambo lenyewe ni fupi. Niliiba wembe wa mtu aliyenifundisha kazi ya kinyozi na kunipa binti yake. Ulipotafutwa ukakosekana, macho yote yakamwangukia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kwa sababu ujanani aliwahi kuuza redio ya nyumbani. Mke wangu alimwambia asikanyage tena mlango wetu. Shemeji aliondoka na begi moja.

Mimi ndiye niliyemsaidia kulibeba mpaka barabarani.

Utaniuliza: wembe wa nini, na duka zima la kinyozi nilikuwa nimeachiwa? Ni kwamba Mzee, akiwa kitandani, alisema hivi: "Duka chukua wewe. Wembe ni wa mwanangu." Miaka kumi na minne nilikuwa nimeusubiri wembe ule. Mwanawe, huyo shemeji, hakuweza kunyoa hata brashi.

Basi niliuchukua. Miaka mitatu nikakaa nao ndani ya kopo la rangi, juu ya kabati la duka, na miaka mitatu sikuwahi kuutumia. Nisingeweza. Mke wangu alipokuwa na miaka tisa alichukua ncha ya tupa ya baba yake akachora neno moja kwenye shina la wembe, pale kidole gumba kinapokaa: BABA. Herufi zilikuwa zimeegemeana kama walevi, na ile ya mwisho ililala chali kwa kukosa nafasi. Angeuona mara moja tu, angeujua.

Siku moja niliutupa kwenye pipa la taka nyuma ya duka. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeurudia, mkono wangu umezama takani mpaka begani.

"Fundi," jirani yangu mshonaji aliniita kutoka dirishani kwake, "umepoteza meno?"

Nilicheka. Niliufuta wembe, nikaurudisha koponi.

Tangu siku hiyo kikohozi kikaanza.

Nieleze. Mzee alikuwa na kawaida yake. Kabla ya kuweka wembe kwenye koo la mteja, alikohoa mara moja, kifupi, ili mteja ajue asimeze mate. Wateja wake wa zamani walikuwa wamezoea. Akikohoa, koo zinatulia. Mimi sikuirithi kawaida hiyo, mimi husema, "Tulia, kaka."

Lakini sasa, kila nilipoinua wembe wangu, nilisikia kikohozi kimoja nyuma ya bega langu la kushoto.

"Umekohoa?" mke wangu aliniuliza siku moja, akikunja taulo.

"Mimi? Hapana."

"Basi ni bomba la maji," alisema. Akaendelea kukunja taulo, lakini polepole.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa Mama Cheche.

Mama Cheche ni mhunzi. Mikono yake ina alama ndogo ndogo za moto kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, na jina lake limetoka hapo. Hutengeneza visu na nyembe kwa agizo, vya chuma cha mawimbi. Huchukua vyuma vya aina mbalimbali, huvipanga kama kurasa za kitabu, huvitia motoni, huvipiga mpaka viwe kitu kimoja. Kisha hukata, hukunja, hupiga tena. Wembe ukishakamilika huonekana wa kawaida tu, wa kijivu. Akiuchovya kwenye tindikali ndipo mawimbi hutokea.

Fikra yangu ilikuwa nyepesi, kama zilivyo fikra zote za mwizi. Kuutupa wembe nimeshindwa. Kuutumia siwezi. Basi nautia ndani ya mwingine. Utakuwa mkononi mwangu, nao hautakuwepo.

"Mkono gani?" Mama Cheche aliuliza kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Wa kulia."

"Ndevu za wateja wako?"

"Ngumu. Wengine kama wamepanda misumari."

"Tumbo la wembe liingie ndani sana, au kidogo?"

"Kidogo. Nimezoea wembe mzito."

"Nikunje mara ngapi?"

"Mpaka vyuma vyangu visitambulike."

Alisimamisha penseli. "Watu huniagiza mawimbi ya maji. Huniagiza manyoya ya ndege. Wewe ni wa kwanza kuniagiza usahaulifu."

Nilimwaga vyuma vyangu juu ya meza yake: tupa mbili kuukuu, kipande cha msumeno, pete ya beringi, na wembe wa Mzee, ambao nilikuwa nimeuvua mpini.

Aliuchukua ule ule.

"Kinyozi, huu ni mzima."

"Ni mbovu."

Aliupitisha juu ya mkono wake. Vinywele vilidondoka mezani bila sauti. "Ubovu wake uko wapi? Nionyeshe nami niuogope."

"Una kumbukumbu mbaya."

"Hapo tumeelewana," alisema. "Chuma ni chako. Mimi ni mpigaji tu."

Aliugeuza, akasoma lile neno kwenye shina. Hakuniuliza kitu. Aliulaza mezani, maandishi yakiangalia chini.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu alifungua mlango akashangaa. "Umeokota nini leo?"

"Nimeagiza wembe mpya. Wa mawimbi."

"Hongera," alisema. "Baba angekuonea wivu."

Mluzi uliniishia mdomoni.

Wiki mbili baadaye Mama Cheche alipiga simu. "Njoo uone ukaidi wa chuma chako."

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, koleo mapajani, anakitazama kipande cha chuma kama mwalimu anavyomtazama mtoto asiyetaka kusema.

"Kimekataa mara mbili," alisema. "Tupa zimeshikana, msumeno umeshikana, beringi imeshikana. Huu wembe wako unaachia. Ona hapa, ufa."

"Kwa nini?"

"Ni chuma kisichoshika kutu. Aina hiyo haipendi kuungana na wenzake. Nikitoe? Vilivyobaki vinatosha wembe mmoja mzuri."

Hapo, msomaji, nilipewa mlango. Ningesema "kitoe," ningekichukua, ningekwenda nacho kwa mke wangu na kuanguka miguuni pake. Sikuombwa hata kuufungua. Ulikuwa wazi.

"Kitie," nilisema.

"Una hakika?"

"Kitie, mama. Piga mpaka kikubali."

Alisimama akavukuta moto. Mara ya tatu kilikubali. Nilisikia kwa masikio yangu mlio wa nyundo ukibadilika, kutoka mlio wa vitu viwili kuwa mlio wa kitu kimoja.

Niliporudi siku ya tindikali, wembe ulikuwa wa kijivu mtupu, kama ubao wa shule uliofutwa. Nilifurahi kuuona hivyo. Mama Cheche aliufunga uzi akauchovya. Tulingoja. Alikuwa akiimba wimbo wa chinichini, nami nilikuwa nahesabu misumari ya ukutani.

Aliutoa, akausuuza, akaufuta.

Mawimbi yalikuwa yametoka, meusi na ya kijivu, yamebanana kama pete za shina la mti. Katikati yake, kutoka mwanzo wa makali mpaka ncha, ulipita mstari mmoja mweupe. Uling'aa kama jicho la mtu aliye macho.

"Ni nini hicho?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ni hicho chako. Tindikali inavila vingine vinakuwa vyeusi. Chuma kile haikiwezi."

"Si ulisema havitatambulika?"

"Nilisema nitakunja. Nimekunja. Tindikali sikuituma kutunza siri za mtu."

"Unaweza kuufuta?"

"Kuufuta mstari ni kuufuta wembe." Alinipa kitu changu, kimefungwa kitambaa. "Watu wa ajabu nyie. Mnaagiza mawimbi, kisha mnaogopa wimbi moja."

Mteja wa kwanza wa wembe ule alikuwa Mwalimu Mstaafu. Macho yake yamekufa miaka mingi, na kwa miaka thelathini hakunyolewa na mwingine ila Mzee. Baada ya msiba alihamia kwangu, bila furaha. Kila alipoondoka alijipapasa shavu na kusema, "Utafika tu, kijana." Nina miaka arobaini na sita.

Asubuhi hiyo nilimlaza kwenye kiti, nikampaka povu, nikaufungua wembe. Mke wangu alikuwa kwenye beseni, anafua taulo.

Niliinua kidevu cha Mwalimu. Kabla sijasema "tulia," kikohozi kikaja.

Nilikuwa nimekizoea, nikakipuuza. Kisha nikaona koo la Mwalimu. Lilikuwa limetulia kabisa. Alikuwa amezuia mate yake, kama alivyofundishwa.

Sikuwa nimekohoa mimi.

Niliuweka wembe. Ulianza kuimba juu ya ndevu, kwa ile sauti nyembamba ambayo wembe mzuri huitoa. Mwalimu alitabasamu chini ya povu.

"Kumbe amerudi," alisema.

Taulo zilisimama kwenye beseni. "Nani, Mwalimu?" mke wangu aliuliza.

"Baba yako. Amekohoa, na wembe ni ule ule. Ule hulia kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Hawa vijana wengine nyembe zao hukwaruza kama panya."

Mkono wangu uliruka. Damu ilitoka chini ya sikio lake, tone moja, kisha la pili. Nilikuwa sijamkata mtu kwa miaka kumi na moja.

"Samahani, Mwalimu."

"Aa," alisema kwa mshangao. "Mkono si wake."

Mke wangu alikuja akiwa na maji mikononi. Alinipokonya wembe taratibu, akaenda nao dirishani. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule. Mstari mweupe ulipita usoni mwake na kurusha mwanga mdogo kwenye shavu.

Nilifunga macho.

"Ni mzuri," alisema hatimaye. "Lakini ni mpya, Mwalimu. Fundi kauagiza." Mke wangu bado huniita Fundi, kama alivyoniita nilipokuwa mwanafunzi wa baba yake.

"Basi masikio yangu yamezeeka," Mwalimu alisema. Alipokuwa akitoka alinitafuta mkono, akaubana. Aliinama karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Msalimie Mzee."

Spiriti ya kufutia majeraha ilikuwa imeisha. Nilisema nakwenda kununua. Ukweli ni kwamba nilitaka hewa. Nilizunguka mitaa miwili, nikasimama mbele ya duka la dawa, nikasahau nilichofuata, nikakumbuka, nikanunua, nikarudi.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwahi kukikalia kiti kile. Mapajani alikuwa na karatasi iliyofunguliwa.

"Mama Cheche kapita," alisema.

"Kafuata nini?"

"Kaleta masalio yako. Kasema chuma cha mteja hakilali kwake, hata kiwe cha ukubwa wa punje. Kinarudi kwa mwenyewe."

Nilitazama. Kilikuwepo kichwa cha tupa. Ilikuwepo nusu ya beringi. Na kilikuwepo kipande kimoja cha urefu wa kidole, alichokuwa akikisugua kwa gumba.

"Kasema pia," aliendelea, "chuma chenye maandishi yeye hakitii motoni. Mikwaruzo hushika uchafu, vyuma havishikani. Kwa hiyo sehemu ya maandishi huikata kwanza, anaiweka pembeni."

Mimi ni kinyozi. Habari za makali nazijua. Habari za moto sikuzijua, wala sikuuliza.

Alinyanyua kile kipande. BABA. Herufi ya mwisho ilikuwa bado imelala chali.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kipi?"

"Fundi, usiniulize kipi."

Naapa kwamba nilitaka kusema kweli. Neno lilifika kwenye meno. Lililotoka ni lingine. "Nilinunua vyuma chakavu. Fungu zima, kwa muuza vyuma. Sikukagua kimoja kimoja."

"Kwa muuza vyuma."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo aliuza kweli." Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Unajua, siku nyingine nilikuwa najiambia labda nilimwonea. Nilikuwa naamka nimekasirika na nafsi yangu. Kumbe aliuza. Kama redio. Sivyo?"

Sikusema ndiyo. Kichwa changu kiliitikia chenyewe.

Alichukua simu. Namba ya mdogo wake aliifuta miaka mitatu iliyopita, lakini vidole vyake viliiandika bila kusita. Aliweka sauti ya wazi, akailaza simu juu ya meza ya vioo, karibu na kile kipande.

Ililia mara moja tu.

"Dada?"

Alipokea kama mtu ambaye alikuwa ameishika simu mkononi muda wote huo.

"Nimeupata wembe wa baba," mke wangu alisema. "Kipande chake. Kimetoka kwa muuza vyuma chakavu. Sitaki hadithi. Nataka nisikie kwa kinywa chako. Uliuza?"

Upande wa pili bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye sufuria.

Nikiri na hili: nilimwombea akatae. Akikataa, mambo yatabaki yalivyokuwa. Yeye atabaki mwongo, dada yake atabaki na hasira, nami nitabaki na duka. Kila mtu mahali pake.

"Ndiyo, dada," shemeji alisema. "Niliuza."

Mke wangu aliishika meza.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Miaka mitatu!"

"Miaka mitatu, dada."

"Mpumbavu wewe."

"Ndiyo."

"Mjinga mkubwa. Ningekupiga siku hiyo hiyo, yakaisha."

"Najua."

Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Umekonda?"

"Kidogo."

"Kidogo kwako wewe ni mifupa mitupu. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana." Alicheka, na machozi yakaja pamoja na kicheko. "Mungu wangu, ndiyo maana."

"Dada, sasa kwa kuwa nimesema," sauti ya shemeji ilipungua, "naweza kuja nyumbani?"

"Njoo. Njoo kesho. Njoo leo, unangoja nini?"

Nilikuwa nimesimama palepale na chupa ya spiriti mkononi, kama mgeni aliyekosea nyumba. Siku hiyo niliibiwa, msomaji. Mtu alinyoosha mkono mchana kweupe akachukua kosa langu mbele ya macho yangu, wala sikuweza kupiga kelele za mwizi.

"Nipe Fundi nimsalimie," shemeji alisema.

Mke wangu alizima sauti ya wazi, akaniletea simu. "Zungumza naye vizuri," alininong'oneza. "Usimkaripie. Yameisha."

Niliiweka sikioni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Dada anasikia?"

"Hapana."

"Basi sikiliza wewe tu." Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Siku ile nilikuona. Nilikuwa nje, dirisha la baba lilikuwa wazi."

Nilitafuta kiti kwa mkono. Hakikuwepo.

"Nilingoja useme," aliendelea. "Hata pale uliponibebea begi nilidhani utasema. Nikasema labda kesho. Labda mwaka ukiisha. Ningekutaja, dada angekosa baba na mume kwa msiba mmoja, kwa hiyo nikangoja. Sasa nimechoka. Nimechoka kula peke yangu, shemeji. Ndiyo sababu nimesema ni mimi. Nakuja na basi la saa nane, na mbele yake sitaligusa tena jambo hili maisha yangu yote. Mimi nimemaliza."

Maji yalidondoka kwenye sufuria. Moja. Mbili.

"Wewe je?" aliuliza. "Wewe hujachoka?"

Mke wangu alinivuta mkono wa shati. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilikuwa nimeusahau uso ule. Alikuwa kama binti aliyenifungulia mlango siku nilipokuja kuomba kazi kwa baba yake.

"Anasema nini?" aliuliza, akicheka bado. "Fundi, mbona umenyamaza? Anasema nini?"